Cousin ni nani hasa kwako?

Mwaka niliofiwa na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, nilijaza fomu ya kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Palipoulizwa uhusiano wangu na marehemu niliandika "brother". Ofisa aliyeipokea akaniuliza, kwa upole tu, "Baba mmoja, mama mmoja?" Nikamwambia mama zetu ni tumbo moja, dada wawili walionyonya ziwa moja. Akachukua kalamu, akalikata neno langu, juu yake akaandika "cousin". Kisha akanieleza kwamba utaratibu wa pale ulitoa siku za msiba kwa kufiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu. Cousin hakuwemo. Nilikwenda kuzika kwa siku zilizokatwa kwenye likizo yangu ya mwaka.

Kwa Kiingereza cha leo ofisa yule alikuwa sahihi, na sina kinyongo naye. Lakini mkato ule wa kalamu umenikaa moyoni miaka yote hii, na ndio ulionifanya nilifuatilie neno hilo hadi lilikozaliwa. Tangu hapo naona mkanganyiko wake kila mahali. Matangazo ya vifo yanaandika orodha ya "cousins" na wazee wanauliza kwa nini watoto wao wametupwa nje ya kundi la ndugu. Kijana aliyeko ughaibuni anaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba amempokea "second cousin" wake uwanja wa ndege, na nusu ya kundi inabaki kujiuliza ni mgeni gani huyo, kumbe ni mtoto wa binamu yake ambaye wote wamembeba mgongoni. Mwingine anasoma kwenye simu tafsiri ya mashine inayosema "binamu wa kwanza aliyeondolewa mara moja" na anadhani kuna mtu amefukuzwa kwenye ukoo.

Tuanze na maana ilivyo sasa. Mwingereza akisema cousin bila kuongeza neno, anamaanisha mtoto wa ndugu wa mzazi wake. Ndugu huyo wa mzazi awe wa kiume au wa kike, wa upande wa baba au wa mama, mkubwa au mdogo, mtoto wake ni cousin. Na mtoto mwenyewe awe wa kiume au wa kike, jina halibadiliki. Kipimo ni kimoja: babu na bibi zenu ni wamoja, wazazi wenu ni tofauti. Njia iliyowafikisha kwa babu huyo haiulizwi.

Kwetu njia ndiyo inayoulizwa kwanza. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo ni ndugu zangu, nawaita kaka na dada, na baba yao ni baba yangu. Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni hivyohivyo. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ndio wanaokaa upande wa pili. Kwa makabila mengi ya bara hao wana utani na wewe, na katika baadhi ya makabila hata kuoana nao si mwiko, wakati kumwoa mtoto wa baba mdogo lingekuwa jambo la kuitisha kikao cha wazee. Wataalamu wa elimu ya jamii wameligundua pengo hili katika jamii nyingi sana duniani: watoto wa ndugu wa jinsi moja, yaani kaka wawili au dada wawili, wanahesabiwa kundi moja, na watoto wa kaka na dada kundi jingine. Kiingereza cha leo hakina neno la kawaida la kuyatenga makundi hayo mawili.

Kabla sijaenda kwenye asili ya neno, nimalize hesabu ya "first", "second" na "removed", kwa sababu hapa ndipo watu wanapochoka, na wala si hesabu ngumu. Kiswahili kina ngazi zake tayari: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Fikiria jengo la ghorofa. Juu kabisa wanakaa babu na bibi mnaowashiriki. Ghorofa inayofuata chini wako watoto wao, chini ya hapo wajukuu, kisha vitukuu, kisha vilembwe. Wajukuu wa wazee hao waliotoka kwa wazazi tofauti ni first cousins. Watoto wa wajukuu hao, yaani vitukuu, wakitazamana wao kwa wao ni second cousins. Vilembwe wakitazamana ni third cousins. Wanaoitwa hivyo wanakaa ghorofa moja, na namba inakuambia wameshuka mbali kiasi gani kutoka kwa mzee wa karibu zaidi wanayemshiriki.

Je, wasipokuwa ghorofa moja? Hapo ndipo neno "removed" linapoingia, na maana yake ni kuwa mbali kwa ngazi, hakuna aliyeondolewa wala kutengwa wala kuachika. Namba unaichukua kwa yule aliye juu, kisha unahesabu ngazi zilizopo kati yao. Mjukuu na kitukuu wamepishana ngazi moja: first cousin once removed. Mjukuu na kilembwe wamepishana mbili: first cousin twice removed. Kitukuu na kilembwe: second cousin once removed.

Sasa lile kosa la kundi la WhatsApp linajifafanua lenyewe. Mimi ni mjukuu wa babu. Mtoto wa binamu yangu ni kitukuu wa babu huyohuyo. Tumepishana ngazi moja, kwa hiyo ni first cousin wangu once removed. Second cousin wake ni mwanangu, maana watoto wetu wawili wote ni vitukuu. Hata Waingereza wenyewe hukosea hapa mara kwa mara, usione haya.

Mfano mzuri kuliko wote naouona ni ule ambao watoto wengi wa pwani wanaujua tangu madrasa. Sayyidna Ali ni mtoto wa Abu Talib, na Abu Talib ni ndugu wa Abdallah, baba yake Mtume Muhammad. Mtume na Ali, basi, wote ni wajukuu wa Abdul Muttalib: first cousins. Bi Fatima, binti wa Mtume, ni kitukuu wa Abdul Muttalib. Kwa hesabu ya Kiingereza, Ali na mkewe Fatima ni first cousins once removed. Na Zubeir bin Awwam, ambaye mama yake Safiya alikuwa binti wa Abdul Muttalib, yaani shangazi wa Mtume, mwandishi wa Kiingereza atamwita Zubeir naye cousin wa Mtume, kama Ali. Ni sawa kwa Kiingereza, lakini msomaji hatajua kwamba mmoja ni mtoto wa ami na mwingine ni mtoto wa shangazi.

Watu wawili wanaweza hata kubeba majina mawili kwa wakati mmoja. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza na mumewe Philip wote walikuwa vilembwe wa Malkia Victoria, kwa hiyo walikuwa third cousins. Lakini pia wote walitokana na Mfalme Christian wa Tisa wa Denmark, Philip akiwa kitukuu chake na Elizabeth kilembwe chake, na kwa njia hiyo walikuwa second cousins once removed. Jina lililo karibu zaidi ndilo kwa kawaida hutajwa kwanza, ila yote mawili ni kweli.

Udhaifu mmoja wa mfumo huu nausema wazi. First cousin once removed ni mtoto wa binamu yangu, anayetambaa sakafuni. Ni pia binamu wa baba yangu, mzee wa mvi ninayemwamkia shikamoo. Kiingereza kinawapa jina moja, kwa sababu kinahesabu ngazi bila kusema ni za kupanda au za kushuka. Kiswahili hakiwezi kukubali jambo hilo. Binamu wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa kwangu, au shangazi, na mtoto wa binamu ni mwanangu au mpwa. Adabu yenyewe imo ndani ya jina.

Neno hili limetoka wapi basi? Kiingereza kililipokea kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa cosin, na linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia karne ya 13. Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi, na kwa Warumi lilikuwa consobrinus. Lipasue vipande uone: con ni "pamoja", na sobrinus limetokana na soror, maana yake dada. Consobrini ni watu waliounganishwa na madada, yaani watoto wa dada wawili. Mtoto wa mama mkubwa. Mtoto wa mama mdogo.

Siku nilipolisoma hili nilifunga kitabu nikakaa kimya. Neno ambalo ofisa yule aliliandika juu ya neno langu, ili kuonyesha kwamba marehemu hakuwa ndugu wa karibu, lilizaliwa likimaanisha uhusiano uleule niliojaribu kumweleza: mama zetu ni tumbo moja.

Warumi walikuwa na utaratibu ambao mtu wa Morogoro au Kakamega angeuelewa mara moja. Watoto wa kaka wawili waliitwa patrueles, kutokana na patruus, ndugu wa kiume wa baba. Watoto wa dada wawili walikuwa consobrini. Watoto wa kaka na dada, yaani mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, waliitwa amitini, kutokana na amita, shangazi. Mwanasheria Gaius, aliyeishi katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliyafafanua makundi haya matatu vizuri kabisa, kisha akaongeza jambo ambalo ndilo ufunguo wa habari yote hii: kwamba watu wa kawaida karibu wote huwaita hao wote consobrini. Tayari miaka 1,800 iliyopita neno la watoto wa madada lilikuwa limeanza kumeza majirani zake. Wanasheria walitenganisha, mtaani wakachanganya, na mtaa ukashinda.

Kwa nini neno la upande wa mama ndilo lililoshinda, sitajifanya nina jibu. Ninachokiona ni matokeo yake. Hata majirani wa Kifaransa walilitendea vingine. Wahispania walikuwa na consobrinus primus, wa kwanza, nao wakaliacha consobrinus lenyewe wakabaki na primus tu. Ndiyo maana kwa Kihispania na Kireno binamu anaitwa primo, "wa kwanza", wakati sobrino kwa Kihispania sasa ni mtoto wa ndugu yako. Maneno ya ukoo husafiri kama vyombo vya nyumba inayohama, na kila nyumba huvipangia kazi yake.

Na Waingereza kabla ya Wafaransa? Watu wengi hapa kwetu huamini kwamba Mzungu tangu mwanzo hakujali ndugu, ndiyo sababu maneno yake ya ukoo ni machache. Si kweli. Kiingereza cha kale kilitenganisha mjomba na ami: mjomba alikuwa eam, ndugu wa kiume wa baba alikuwa fædera. Mama mdogo au mkubwa alikuwa modrige, shangazi alikuwa faðu. Mwaka 1066 Wanormani, waliosema Kifaransa, waliiteka Uingereza, na katika karne zilizofuata maneno yao yakaingia hadi sebuleni: uncle, aunt, nephew, niece, cousin, yote ni ya Kifaransa. Maneno ya chumba cha ndani kabisa hayakuguswa: baba, mama, kaka, dada, mwana, binti yalibaki ya Kiingereza cha asili. Ukisikia Mwingereza anaitaja familia yake unasikia historia ya kutekwa kwake: waliozaliwa nyumba moja naye wana majina ya kwao, na wengine wote wana majina ya mgeni.

Kwa muda mrefu baada ya hapo cousin lilikuwa pana kuliko leo. Lilimaanisha jamaa yeyote aliye nje ya wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja. Katika tamthilia ya Shakespeare, Mfalme Claudius anamwita Hamlet cousin, na Hamlet ni mtoto wa kaka yake. Wafalme wa Uingereza waliwaandikia makabaila wao wakubwa wakiwaita cousin hata pasipo undugu wowote wa kuonyesha, kama sisi tunavyomwita "ndugu" mtu tuliyekutana naye kwenye foleni. Vijana wa Nairobi wanaosema "cuzo" hawako mbali na Waingereza wa zama za Shakespeare, waliosema "coz" na kumwambia hata rafiki.

Upana huu wa zamani umezaa imani moja ninayoisikia sana kanisani: kwamba Yesu na Yohana Mbatizaji walikuwa mabinamu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Luka sura ya 1, inamwita Elisabeti "cousin" wa Mariamu, na wasomaji wa baadaye wakaisoma kwa maana ya leo, wakachora na mti wa ukoo. Neno la Kigiriki lililo pale linasema jamaa tu, bila kutaja njia. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka ilifanya vyema zaidi hapa, maana ilisema "jamaa yako Elisabeti" na ikaishia hapo. Tafsiri mpya za Kiingereza nazo zimerudi kwenye neno la jamaa.

Ukitaka kuona neno cousin linavyoweza kuficha mambo makubwa, tazama vita ya 1914 hadi 1918, ile iliyopiganwa Tanga na Taveta na kuwabebesha mizigo hadi kufa maelfu ya vijana wetu. Vitabu vya Kiingereza hupenda kusema kwamba ilikuwa vita ya macousin watatu: George wa Tano wa Uingereza, Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani na Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi. Sentensi ni nyepesi na si ya uongo, lakini isome kwa Kiswahili. Mama yake George, Alexandra, na mama yake Nicholas, Dagmar, walikuwa dada wa tumbo moja, mabinti wa yule Christian wa Tisa wa Denmark. Alexandra alizaliwa 1844, Dagmar 1847. Kwa hiyo mama yake Nicholas alikuwa mama mdogo wa George. George na Nicholas kwetu ni ndugu, kaka na kaka, na kwa Kirumi ni consobrini kamili. Walifanana sura kiasi kwamba wakipiga picha pamoja unahitaji kuambiwa nani ni nani.

George na Wilhelm ni habari nyingine. Baba yake George, Edward wa Saba, na mama yake Wilhelm walikuwa kaka na dada, watoto wa Malkia Victoria. Wilhelm ni mtoto wa shangazi yake George, na George ni mtoto wa mjomba wake Wilhelm. Kwa makabila yetu mengi hao wangekuwa watani. Na Wilhelm na Nicholas? Hao walikuwa mbali: wote ni vilembwe wa Tsar Paul wa Kwanza, basi third cousins, na kwa upande wa wafalme wa Prussia ni second cousins once removed. Mtu aliyekuwa mtani wa mmoja alikuwa jamaa wa mbali wa mwingine, na neno moja likawafunika wote. Nicholas alipopinduliwa mwaka 1917, serikali ya Uingereza ilikubali kwanza kumpokea, kisha mfalme akasita na mwaliko ukafutwa. Mwaka 1918 Nicholas aliuawa pamoja na mkewe na watoto wao. Kitabu kinasema George alimkatalia cousin wake. Mimi siwezi kuisoma habari hiyo bila kusema: alimkatalia mtoto wa mama yake mdogo.

Na kwa kuwa tumeitaja familia hiyo, niondoe na ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, eti ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Wilhelm hakuwa mfalme wakati huo, babu yake wa upande wa baba ndiye aliyetawala Ujerumani, na yeye alikalia kiti mwaka 1888. Undugu wa wakubwa hao ulikuwepo, lakini mlima uligawiwa na wanadiplomasia mezani.

Sasa turudi nyumbani, kwa neno letu wenyewe. Binamu ndilo neno ambalo shule zinatufundisha kuwa tafsiri ya cousin, na lenyewe lina safari inayofanana na ya mwenzake kwa namna ya kushangaza. Ni neno la Kiarabu lililounganika: bin ni mwana wa kiume, amu ni ndugu wa kiume wa baba. Binamu ni mtoto wa kiume wa ami. Waarabu, huko Oman na kwingineko, bado wanatenganisha: mtoto wa ami ana jina lake, wa shangazi lake, wa mjomba lake, wa mama mdogo lake, na kila moja lina la kiume na la kike. Kiswahili kilichukua moja kati ya hayo, na mitaani na mashuleni tukalipanua hadi likabeba mtoto wa mjomba, mtoto wa shangazi, hata binti. Cousin lilianzia kwa dada wawili, binamu lilianzia kwa kaka wawili, na yote mawili yakaishia kuwafunika wote. Gaius angetutazama na kusema aliyaona haya Rumi.

Ila usidhani kwamba asili ya binamu imekufa. Nenda mahakama ya kadhi, Unguja au Mombasa, kwenye shauri la mirathi, na neno linarudi kwenye maana yake ya kwanza. Mtoto wa kiume wa ami ni asaba: wakikosekana warithi wa karibu zaidi walio mbele yake, yeye huchukua kilichobaki baada ya wenye mafungu yao. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi wako katika kundi la dhawil-arhami, ambalo kwa kawaida halifikiwi mpaka wale wa kwanza wakosekane. Wakili akileta hati ya Kiingereza inayosema marehemu ameacha "cousins" watatu, kadhi hana la kufanya nayo mpaka aulize kila mmoja ametokea tumbo la nani. Neno moja linaweza kukupa nyumba au kukunyima.

Ndio maana siwaungi mkono walimu wanaowachapa watoto, kwa maneno au kwa wino mwekundu, wanaposema "cousin brother" na "cousin sister". Kiingereza cha Uingereza hakina matamshi hayo, ni kweli, na mtoto anayekwenda kwenye mtihani aambiwe hivyo. Lakini Waafrika Mashariki na Wahindi wanaosema hivyo wanajaribu kurudisha kitu ambacho neno lenyewe limekiangusha njiani: kwamba huyu ni kaka, huyu ni dada. Na Warumi walisema vilevile. Katika Kilatini safi, mtoto wa kaka wa baba yako alikuwa frater patruelis, "kaka wa upande wa ami". Cousin brother, neno kwa neno, miaka 2,000 kabla ya daftari lile kujaa wino mwekundu.

Siku hizi nikijaza fomu ya Kiingereza siandiki brother wala cousin. Naandika "my mother's sister's son", mtoto wa dada wa mama yangu, sentensi nzima, hata kama kisanduku ni kidogo na maneno yanatoka nje ya mstari. Ni Kiingereza sahihi, hakidanganyi mtu, na anayekisoma analazimika kumwona mama yangu na dada yake kabla hajaamua.

Mwaka 68 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji mashuhuri kuliko wote wa Rumi, alifiwa na Lucius, mtoto wa ndugu wa baba yake. Alikuwa mwanasheria na bingwa wa Kilatini, maneno yote ya ukoo aliyajua, lile la patruelis na mengine yote. Alimwandikia rafiki yake Atticus barua ya kumweleza uchungu wake na jinsi msiba huo ulivyompunguzia furaha nyumbani na msaada kazini. Barua hiyo ipo hadi leo. Ndani yake Lucius anaitwa frater, kaka yetu.